Hatua Iliyokosekana kwenye Fishi ya Mpunga

Achille, zima hiyo simu. Hapana, sisemi uiweke kimya, nasema izime. Fanny, vuta kiti ukae upande wa dirisha nione uso wako, na ufungue pazia, minye sitaki kusema maneno yangu ya mwisho ndani ya giza kama muntu aliyeiba. Daktari amesema moyo umechoka na maji yamepanda mpaka kwenye mapafu. Alimwambia mwenzake kwa Kifaransa, polepole, akifikiri sielewi, minye niliyepiga ripoti za madaktari kwa mashini miaka tisa kabla yeye hajazaliwa. Basi, wanangu, nitasema asubuhi hii pumzi ingali iko, na nitasema kwa mkupuo mmoja. Msinikatize. Mkinikatiza sitapata nguvu ya kuanza tena.

Mnamuona mama aliyekaa karibu na mlango. Fanny, umempa chai bila kumuuliza jina, na umefanya vizuri, mgeni anakunywa kwanza. Anaitwa Mapendo. Ametoka Luvungi kwa pikipiki, amekula vumbi njia nzima, kwa sababu nilimtuma muntu amwambie kwamba Mama Sabine wa Uvira anataka kumuona kabla hajafa. Angeweza kukataa. Minye ningekuwa yeye ningekataa. Mapendo, mdogo wangu, nivumilie kidogo, acha nimalize ya nyumba hii kwanza, kisha nitafika kwako, na nikifika sitazunguka.

Ya nyumba ni mafupi. Nyumba hii ya Rugenge ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na hati yake iko ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, pamoja na cheti cha ndoa yangu na baba yenu. Msijenge ukuta katikati. Fanny akiolewa, chumba chake kibaki chumba chake. Sitaki kusikia kwamba mwanamke akienda kwa bwana yake basi hana kitu tena kwao. Vitenge vyangu wapeni wamama wa korali, isipokuwa kile cha bluu, hicho mnizike nacho. Kipande cha shamba alichoacha baba yenu Lubarika msikiuze, kinalimwa na Mathieu, binamu ya baba yenu, na kwa Mathieu nina deni ambalo haliwezi kulipwa kwa shamba, kama mtakavyosikia.

Sasa biro, ofisi yetu ya kazi. Najua ndiyo mnayoingojea, na sioni vibaya, hata minye ningeingojea.

Biro ile haikuanza na ordinatere, hizi kompyuta zenu. Ilianza na baba yenu Jean-Marie, fundi wa mamotere, na minye, daktilo, mpiga chapa niliyefukuzwa kazi kwa sababu ya mdomo wangu, na mfanyabiashara mmoja aliyeleta pampu za maji na kitabu chake kimeandikwa Kichina mbele na Kiingereza nyuma. Bantu wa hapa walinunua pampu zile wakaziua ndani ya mwezi mmoja. Baba yenu akafungua moja hapo barazani, akaijua kwa vidole, akanielezea, minye nikaandika kwa Kiswahili cha hapa, ukurasa mmoja tu, na picha nilizochora kwa rula. Hiyo ndiyo fishi yetu ya kwanza. Nyinyi mmelelewa na mafishi, na Mapendo naye anayajua kuliko alivyotaka kuyajua: karatasi ya maelekezo, imefunikwa plastiki, inatundikwa karibu na mashini ili muntu asiyeijua aiendeshe bila kuumia. Bila kuumia. Hiyo ndiyo kazi yote, wanangu, mengine ni mapambo.

Baada ya pampu zikaja motere za mitumbwi kule Kalundu, friji za dawa za vituo vya afya, betri za sola, mashini za kukoboa mpunga wa uwanda. Niliwafundisha kazi kwa kelele, na kelele zilikuwa nyingi, nakubali, lakini hakuna hata moja niliyopiga bure. Nilimrudishia mzungu wa proje moja ya msaada picha zake kwa sababu alichora mkono wenye glavu kwa bantu ambao glavu hawajawahi kuigusa. Akanuna wiki mbili, halafu akarudi. Neno la hatari nilikataa liandikwe kwa rangi nyekundu kama fishi itakaa nje, maana jua la uwanda linakula nyekundu kabla ya rangi zote, na muntu anabaki na onyo ambalo haliko tena. Na weye Achille, toka ulipotoka Bukavu na diploma yako, unapenda kuacha nafasi nyeupe kila upande, na ni kweli inapendeza, jicho linapumzika, lakini ili upate nafasi hiyo unapunguza herufi mpaka zinafanana na chawa. Anayesoma fishi yetu anasoma amesimama, mkono mmoja una mafuta, mwingine umebeba mtoto, na mashini inamlilia masikioni. Mfikirie huyo. Profesa wako hatakuja kukoboa mpunga Luvungi.

Na kuna sheria ya maji. Hiyo msiiache hata mkihamia Kinshasa.

Mnajua ilivyoanza, ila nitaisema kwa ajili ya Mapendo. Mwanzoni, fishi ikikamilika, tulikuwa tunampa jirani aijaribu, na minye nilikuwa siwezi kunyamaza. Jirani akishika kitu kisicho chake nilikuwa naruka: si hicho, mama, ni kile cha chini! Siku moja Jean-Marie akaniletea kikombe cha maji akasema, "Sabine, jaza mdomo na usimeze mpaka amalize." Nikakasirika, nikakunywa, nikakaa na mashavu yamevimba, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi muntu anavyopotea ndani ya karatasi niliyodhani iko wazi. Tangu siku ile ikawa hivyo: fishi inapelekwa kwa muntu ambaye hajawahi kugusa mashini hiyo, anaifuata toka juu mpaka chini, na aliyeiandika anakaa hapo na maji mdomoni. Ukimeza, ukitema, ukitoa hata neno moja la kumsaidia, fishi imeanguka, rudi ukaandike upya. Wateja walicheka, na mchungaji mmoja aliniuliza kama ni mambo ya mizimu, lakini mafishi yetu yalikuwa yanafanya kazi na ya wengine yanafungiwa mihogo sokoni.

Mnajua pia sheria ya pili, kwamba mwandishi anakaa nyuma ya mgongo wa anayejaribu, asionekane kabisa. Hiyo mlisema ni ukaidi wa mama, Achille hata ulinicheka mbele ya wateja. Miaka yote hii sikuwaambia inatoka wapi. Inatoka kwenye mkono wa mama huyu.

Baba yenu alikuwa ana miezi minne kaburini. Achille, ulikuwa Bukavu, Fanny, ulikuwa internati, shule ya kulala ya masista, na minye nilikuwa peke yangu ndani ya biro, sina wa kunifungulia mashini. Ikaja koperative ya wakulima wa mpunga, imepata mashini kumi na moja za kukoboa, wanataka fishi kabla ya mavuno. Nilipaswa kusema, ngojeni nitafute fundi. Sikusema. Niliona nikisema hivyo watajua kwamba biro ilikuwa Jean-Marie, na kwamba Sabine ni mkono wa kuandika tu. Majivuno hayo, wanangu, msiyaite jina lingine mkiyasimulia.

Niliandika hatua tisa. Nikapanda gari mpaka Lubarika, ambako moja ya mashini zile ilikuwa imeshafungwa, kwa Mathieu ambaye hajawahi kuigusa, nikampa karatasi, nikajaza maji mdomoni nikakaa mbele yake juu ya gunia. Mnamjua Mathieu, muntu wa adabu mpaka anachosha, hawezi kukaa kabla mkubwa hajakaa. Akasoma hatua kwa hatua. Hatua ya sita ilisema: mpunga ukikwama, zima motere. Akazima. Hatua ya saba ilisema: fungua kifuniko, toa mpunga uliokwama. Akanyoosha mkono kwenye kifuniko, halafu akaniangalia. Gurudumu kubwa lilikuwa bado linazunguka, maana mashini zile, hata motere ikizimwa, gurudumu linaendelea kwa uzito wake, na likizunguka, chuma cha ndani nacho kinazunguka. Mathieu akaacha mkono hewani, akangoja. Gurudumu likasimama, akafungua kifuniko, akatoa mpunga, akamaliza zote tisa. Minye sikumeza hata tone. Nilitema maji nje kwa furaha, nikamkumbatia, nikarudi Uvira nikijipiga kifua kwamba hata bila fundi Sabine anaweza.

Mafishi kumi na moja yakatoka. Wiki tatu baadaye Mapendo akakatwa vidole.

Mapendo, sasa nimefika kwako. Nisipolia usifikiri ni ugumu wa moyo, ni pumzi ninayoitunza.

Huyu, wanangu, alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa mashini kule kwao. Wanaume wawili waliitaka, yeye akaipata kwa sababu anasoma vizuri kuliko wao. Mpunga ukakwama. Akaangalia ukutani, akasoma hatua ya sita, akazima motere. Akasoma hatua ya saba, akafungua kifuniko, akaingiza mkono. Alifanya vile nilivyoandika, neno kwa neno, hakuna hata kimoja alichokosea. Vidole vitatu vya mkono wa kuume.

Kizito, yule presida, mwenyekiti wa koperative, akanipigia simu. Hakuniita kunishtaki, maskini. Aliniita kwa kuwa mashini zilitoka kwenye proje, na proje inataka ripoti, na nani anajua kuandika ripoti kuliko Mama Sabine? Nikaenda. Nikapita kwanza kwenye kibanda cha mashini, nikaiona fishi yangu ukutani, safi, inang'aa, nikasoma sita, nikasoma saba, na kati ya sita na saba nikaona shimo. Haikuandikwa: ngoja gurudumu kubwa lisimame kabisa. Nikakaa chini kwenye pumba. Jean-Marie angeliona shimo lile akiwa bado anafunga kamba za viatu.

Halafu nikajiuliza, sasa Mathieu aliwezaje? Nilimuuliza baadaye, nitawaambia papo hapo alichojibu. Alisema, "Mama, minye nilikuwa naangalia sura yako. Niliposhika kifuniko macho yako yalitoka, nikajua bado. Uliporudisha macho, nikajua tayari." Mnasikia? Nilifunga mdomo kwa maji, nikasahau kufunga uso. Na kwa nini asiangalie uso? Amelelewa kuangalia uso wa mkubwa kabla hajagusa kitu. Nilimsaidia toka mwanzo mpaka mwisho bila kujua, na karatasi ikasifiwa kwa kazi iliyofanywa na macho yangu. Mapendo, weye hukuwa na uso wa kuangalia pale kibandani, ulikuwa na ukuta.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa linaweza kumpata yeyote. Kinachofuata si kosa, nilikifanya nikiwa na akili zangu zote.

Nilifika hospitali na kalamu na karatasi. Mapendo alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, dawa imemlegeza. Nikamuuliza, mama, ilikuwaje? Akaniambia sentensi moja, naikumbuka kama inasemwa sasa hivi: "Karatasi haikuniambia ningoje." Ndivyo ulivyosema, Mapendo, au nimepunguza? Ndivyo. Na minye, wanangu, minye mama yenu niliyewapiga kelele kwa neno moja likikaa mahali pasipo pake, niliandika: "Sikungoja." Nilijiambia ni kufupisha, kwamba ripoti inataka maneno machache. Uongo! Nilijua ninachokata na kwa nini nakikata. Nikamsomea haraka haraka, nikapitisha mahali pale mbio, na kwa kuwa mkono wa kuume haukuweza kushika kalamu, nikachukua kidole gumba cha kushoto, nikakitia wino, nikakikandamiza chini ya neno ambalo hakulisema.

Ripoti ilitoka nzuri sana. Mistari imenyooka, kichwa katikati, pembeni nafasi ya kutosha. Kizito aliisifu mbele ya mkutano.

Wakamnyang'anya mashini. Wakasema hakusoma, amejifanya anajua kusoma, na pale sokoni wakampa jina, Madamu Soma, mpaka watoto wakawa wanaliimba akipita. Miaka sita. Mashini ikapewa mmoja wa wale wanaume wawili, ambaye hasomi kabisa, lakini yuko na vidole kumi basi anaonekana mwerevu. Habari hizi zote zilinifikia hapa Rugenge, na kila mara nilisema nitaenda mwezi ujao. Nilikuwa na kazi, mara mto Mulongwe umefurika maji yameingia biro, mara barabara imefungwa, mara Fanny ana mitihani. Aibu ikikuzoea inakutafutia sababu yenyewe, huhitaji hata kujisumbua.

Nilisahihisha fishi, hiyo ndiyo najitetea nayo, na mtaona ni utetezi wa namna gani. Niliongeza ile hatua, nikachapa kumi na moja mpya, nikazipeleka mwenyewe, lakini sikusema kwa nini. Nilisema ni toleo jipya, picha ni nzuri zaidi. Sita walibadilisha. Watano wakasema, aa, mama, ya zamani haina shida, acha hivyo hivyo, tumeizoea. Na ningewaambia nini? Kuwaambia ukweli ilikuwa kumfungua Mapendo na kujifunga mwenyewe. Kwa hiyo mafishi matano yenye shimo yangali yako ukutani uwandani, leo hii, na kila moja lina bantu wanaolisoma.

Na si matano tu. Mnajua ninavyomchukia Hyacinthe, yule wa fotokopi karibu na soko. Mnajua kwamba alinakili mafishi yetu, akafuta jina letu, akaweka lake, na kwamba miaka yote hii simsalimii hata kanisani, napeana naye amani kwa ncha za vidole. Basi fishi ya mpunga aliyoiiba ni ile ya kwanza. Ameiuza mpaka wapi sijui. Amenakili shimo pamoja na mapambo yake, na minye niliyaona mafishi hayo kwenye meza yake, nikapita. Nilikuwa naogopa kwamba nikimwambia Hyacinthe, "Iondoe, ina kosa," ataniuliza nilijuaje.

Fanny, nyanyua mto kidogo. Hapo. Aksanti.

Achille, sikufichi mbele ya mgeni, maana jambo hili limefichwa vya kutosha. Jumapili nilikuambia habari hii weye wa kwanza, kwa kuwa ni weye mkubwa, na ukasema, "Mama, tungoje proje wasaini kwanza." Proje ya pampu, wanakuja Alhamisi, vituo arobaini, kazi ya miaka miwili, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Sikukutukana. Nilikuangalia nikajiona. Sauti ile ya "tungoje kwanza" ni yangu, mtoto wangu, umeinyonya kwangu, hukuitoa mahali pengine. Minye pia nilingoja mavuno yaishe, nikangoja mvua, nikangoja Kizito amalize muda wake, na leo nangojea pumzi.

Kwa hiyo wosia wangu juu ya biro ni huu, na ni mmoja. Chini ya mto huu kuna karatasi. Nimeiandika mwenyewe, kwa mkono, hakuna aliyenisahihishia. Inasema hatua iliyokosekana ni ipi, inasema niliijua tangu siku ile, inasema Mapendo alisoma vizuri na aliniambia ukweli, na kwamba neno lililo juu ya alama ya kidole chake ni langu. Kesho ni siku ya soko Luvungi. Mtaenda wote wawili. Achille ndiye atakayeisoma, kwa sauti, mbele ya Kizito na wale wa koperative, pale pale walipoisifu ripoti yangu, na akimaliza mtazunguka kwenye mashini tano, mtatoa mafishi ya zamani kwa mikono yenu na mtasema kwa nini. Mkirudi mtapita kwa Hyacinthe. Mtamwambia kwa heshima, bila kumkumbusha wizi wake, kwamba fishi ile imekata muntu vidole, ayatafute yote aliyoyauza. Akiwacheka, acheni acheke, ila msitoke mpaka ameitoa mezani.

Alhamisi proje wakija, wawekeeni karatasi ile mbele yao kabla hawajafungua kalamu. Wakisaini, vizuri. Wakiondoka, waende salama, msiwakimbilie barabarani.

Nikifa mkaamua kuiacha karatasi chini ya mto, sitarudi kuwasumbua, minye siamini mambo hayo. Ila nawaomba jambo moja: uzeni ordinatere, ng'oeni kibao chetu mlangoni, mtafute kazi nyingine, uzeni samaki, uzeni simu, msiandike tena maelekezo ya mashini kwa bantu wanaotuamini. Hilo nalisema kama mama, si kama mwenye mali.

Mkiifanya, biro ni yenu. Picha ni za Achille, maneno ni ya Fanny, na fishi ikiwa tayari neno la mwisho la kuitoa au kuizuia ni la Fanny. Usiniangalie hivyo, Achille. Weye ni hodari kuliko yeye, na mikono yako ni myepesi, lakini yeye akipotea anauliza, na weye ukipotea unaongeza mwendo. Minye nilikuwa kama weye.

Pumzi inakimbia sasa. Nitasema haraka.

Mathieu aambiwe kwamba hakukosa kitu. Amekuwa akijilaumu miaka sita, anasema angeniambia siku ile ile kwamba alikuwa anasoma uso. Mwambieni adabu yake ilikuwa sawa, minye ndiye niliyekaa mahali pabaya. Misa iwe fupi. Msiniwekee sifa kwenye karatasi ya mazishi. Jina, miaka, basi. Herufi kubwa.

Njooni. Karibu, karibu zaidi, mikono haifiki. Achille, Mungu akupe subira, uwe na kazi na usingizi. Fanny, Mungu akupe mdomo, usimuogope kaka yako. Mpendane hata mkigombana. Mkae... mkae meza moja. Nawabariki, minye na baba yenu.

Mapendo.

Weye sikubariki. Sina mdomo wa kukubariki. Nilikuita ili wanangu waisikie mbele yako, wasije wakasema mama alikuwa anaweweseka kwa homa. Sasa sema weye. Unachotaka. Achille, mwache apite, mpe nafasi karibu na kitanda.

Sema kwa nguvu, mdogo wangu, masikio yanaondoka.

Ee.

Ee, nimesikia.

Anasema kunisamehe bado, hajui, ataona. Ni sawa. Msimharakishe, msimtumie mchungaji.

Anasema pole haitaki. Anataka mashini. Arudishwe kwenye mashini ile ile, asimame pale pale, vidole saba vinamtosha. Na anasema... rudia, Mapendo... anasema kesho Achille akimaliza kusoma akae chini, asielezee kitu, maana yeye mwenyewe ana maneno ya kuwaambia, ameyabeba miaka sita.

Haki yake. Yote, haki yake.

Fanny, chukua kalamu. Hapana, weye usipange maneno, usianze na tarehe. Muulize, kisha uandike vile anavyosema. Hata kama ni marefu. Kisha umsomee polepole, mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo.